Bei ya Kwanza ya Damu

Kariakoo ina saa yake ambayo haitundikwi ukutani. Kwanza huja wafagiaji, kisha akina mama wa chai na vitumbua, kisha makuli na mikokoteni yao. Halafu, ikikaribia saa mbili, vipaza sauti vinaamka duka baada ya duka, vinatangaza mashuka, masufuria, viatu vya watoto, kila kimoja kikitaka kukimeza cha jirani. Vikishaamka huwezi kumfundisha mtu kitu ambacho hakiuzwi. Kwa hiyo darasa letu la baiolojia lilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia, na lilikwisha pale kipaza sauti cha kwanza kilipokohoa.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa hapo hapo sokoni, na karibu wote walinizidi umri. Walipanda ngazi na vikombe vya chai ya rangi vilivyofunikwa kwa visahani, wakaviweka juu ya madawati ya zamani, wakakaa kwa kujibana kama watu waliovaa nguo za wadogo zao. Waliniita Ticha. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa sayansi, muswada wa riwaya usiokwisha, na rafiki zangu wa kijiwe cha waandishi ambao kila tulipokutana waliniuliza kama bado ninauza damu na figo.

Aliyekaa mbele kabisa alikuwa na kibanda cha zipu, vifungo, uzi na mpira wa nguo, mtaa wa pili kutoka hapo. Nilimwita Dada. Asili yake ni Newala, alikuja mjini msichana akakaa kwa shangazi yake Buguruni, akazoea, akazaa, akazoea zaidi. Alitaka kuwa muuguzi. Nilipomuuliza sababu nilitarajia kisa cha huzuni, maana sisi waandishi tuna tamaa ya visa vya huzuni, lakini hakuwa nacho.

"Napenda tu," alisema. "Mtu akija dukani namwangalia, najua huyu mgongo, huyu presha, huyu hajalala. Nataka kujua kwa nini ninajua."

Kilichomzuia ni baiolojia. Alikuwa ameshaanguka mara mbili, na bila somo hilo chuo cha uuguzi hakimpokei. Mwaka huo mdogo wake wa kike alikuwa akimfungulia kibanda asubuhi, maana wateja wa mikoani huja mapema kabla ya mabasi yao kuondoka, na asiyefungua mapema anauza kwa wapita njia. Lakini mdogo mtu alikuwa ameshachumbiwa. Mtihani ukiisha anaolewa, anahamia Mbeya.

"Ni mwaka huu tu, Ticha," Dada aliniambia siku ya kwanza, bila kunung'unika, kama mtu anayetaja saa ya basi. "Nikianguka tena nitazikwa na zipu zangu."

Kituo kile cha tuisheni kilikuwa cha mwalimu mstaafu ambaye sote tulimwita Mwalimu, kana kwamba sisi wengine tulikuwa tunajaribu tu. Meza yake ilikaa kwenye kibaraza cha ngazi, kando ya mashine ya kurudufu. Aliandika notsi zake mwenyewe za masomo yote ya sayansi, nadhifu, fupi, kila jibu limepigiwa mstari, na vijana wengi wa mji huu wamefaulu kwa notsi zile. Sizidharau. Lakini Dada alikuwa amezikariri mara mbili na mara mbili zikamtoroka ndani ya chumba cha mtihani. Nilipomsikiliza akizighani niligundua kitu kilichonisumbua: hakuna mtu aliyekuwa anasema ndani ya zile notsi. Moyo una vyumba vinne. Sawa, lakini nani kasema? Alikuwa wapi alipoligundua jambo hilo? Nani alimbishia? Mimi ninayeandika riwaya najua kwamba sentensi isiyo na msemaji haikai kichwani. Inapita kama tangazo.

Basi nikaanza kuwaletea wasemaji wenyewe. Nilitafuta kwenye simu maandishi ya watu wa kale walioyaona mambo haya kwa mara ya kwanza, yale waliyoandika kwa mkono wao wakati bado wanaogopa kuchekwa, nikayatafsiri kidogo kidogo kwa Kiswahili, nikayarudufu kwa mashine ya Mwalimu.

"Haya makaratasi ni ya nini, binti yangu?" Mwalimu aliniuliza.

"Ni ya watu waliogundua, Mwalimu. Wanaeleza walivyofikiri."

"Mtihani hauulizi walifikirije. Unauliza ni nini." Lakini aliniachia, kwa sababu ni mtu mwema, na kwa sababu nililipia karatasi.

Si kila andiko lilikubali. Yule mtawa aliyepanda njegere bustanini mwake na kuangalia rangi za mbegu aliwashinda kabisa, na mimi nikawa wa kwanza kupiga miayo. Mtu wa kwanza kutazama tone la maji kwa lenzi yake ya kujitengenezea aliwafurahisha, hasa alivyokataa kumwambia mtu yeyote siri ya kuitengeneza. "Huyo angefaa hapa chini," walisema. Lakini aliyebadilisha darasa alikuwa daktari mmoja wa zamani aliyeandika kuhusu moyo na damu.

Niliwaeleza kwanza walichoamini walimu wake. Waliamini kwamba chakula kikifika tumboni, ini linakigeuza kuwa damu. Damu hiyo inatiririka kwenda mwilini, viungo vinainywa kama shamba linavyokunywa maji, inaishia huko. Kesho unakula tena, ini linatengeneza nyingine. Watu wenye akili waliamini hivyo kwa karne nyingi.

Kwenye dawati la nyuma alikaa jamaa tuliyemwita Fundi, muuza shokapu na taa za magari kule mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Alinyoosha mkono huku kinywa kimejaa kitumbua.

"Subiri, Ticha. Ini linatengeneza mpya kila siku?"

"Ndivyo walivyosema."

"Na ya jana imekwisha?"

"Imenywewa."

"Haya. Na huyo daktari wako yeye anasema moyo unasukuma kiasi gani?"

"Anakuja kutaja. Sikiliza."

"Asitaje!" Fundi alipiga dawati. "Akitaja ataanza na bei ya juu. Namjua."

Walicheka wote, nami nikacheka, kisha nikasoma. Na hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho sikukipanga. Daktari yule anakadiria damu inayotoka kwenye moyo kwa kila pigo, anataja kiasi kidogo tu. Halafu anamgeukia msomaji asiyemwamini. Anamwambia, kwa maneno yangu, kwamba kama kiasi hicho kinaonekana kikubwa, basi tuchukue nusu yake. Kama nusu bado inakusumbua, tushuke tena. Anashuka, anashuka, mpaka anafika kwenye kiasi ambacho hata adui yake hawezi kukikataa.

Dada aliweka kikombe chini.

"Anajipunguzia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hajaombwa?"

"Hajaombwa."

"Basi huyo mzigo anao," alisema Dada, akageuka kuwatazama wenzake. "Mtu anayejipunguzia kabla mteja hajafungua mdomo, ama anauza cha wizi, ama anajua hata ashuke vipi hapati hasara."

"Huyo wa pili," alisema mama mmoja wa Kilimanjaro aliyeuza dagaa kwa jumla na ambaye kwa kawaida hakusema kitu. "Kwa sababu hata hiyo bei yake ya chini, ini haliwezi kuilipa. Fikirini. Lori linashusha chakula mara mbili, mara tatu kwa siku. Duka linatoa mzigo kila pigo, mchana na usiku. Stoo ingekauka kabla ya chai ya saa nne."

"Na haijakauka," alisema Fundi.

"Haijakauka."

Nje mkokoteni ulikuwa unasukumwa mtaani, na kuli anaomba njia.

"Basi mzigo ni ule ule," alisema Dada polepole. "Unatoka mlango wa mbele, unarudi wa nyuma."

"Kama taa za magari Gerezani!" mama wa dagaa alimrukia Fundi. "Taa inatoweka kwenye gari asubuhi Posta, jioni mwenye gari anauziwa taa yake mwenyewe. Nyie ndiyo mzunguko wa damu wenyewe!"

"Mama, unikome! Mimi mali yangu ina risiti!"

"Hata moyo una risiti?"

Vicheko vilipita ukuta wa plaiwudi mpaka darasa la hisabati likatugongea. Mimi nilikuwa nimesimama na kidole changu juu ya ukurasa ambao sikuwa nimeufunua. Ukurasa uliofuata ndipo daktari yule anapotamka kwamba damu huzunguka. Walikuwa wamefika kabla yake. Nilisikia furaha ambayo mpaka leo sijaipata kwenye riwaya yoyote niliyoandika, nikaufunua ukurasa taratibu ili niionje.

Baada ya siku ile nilielewa darasa langu. Watu wa Kariakoo hawaamini bei ya kwanza. Si utovu wa adabu, ndiyo adabu yenyewe. Muuzaji akitaja, unashtuka, unacheka, unataja yako, yeye anashika kichwa, na katika kushuka na kupanda huko kila mmoja anajifunza bidhaa ni nini hasa na mwenzake ni nani. Notsi ni duka la bei moja. Unalipa au unaondoka. Lakini watu wa kale wale waliandika wakiwa bado kibandani, wanaitetea bidhaa yao mbele ya wateja wakali, na wanafunzi wangu waliwasikia kama majirani. Walianza kuniuliza, kabla sijasoma chochote, "Huyu anauza nini, na nani hataki kununua?"

Asubuhi iliyofuata Dada alileta kipande cha mpira wa nguo kutoka dukani kwake, maana daktari yule anaeleza jinsi ya kufunga mkono. Tulimfunga Fundi juu ya kiwiko, mishipa yake ikavimba kama kamba chini ya ngozi, na juu yake tukaona vifundo vidogo vidogo. Dada akabana mshipa kwa kidole kimoja, akaisukuma damu kwa kidole cha pili kwenda juu kupita kifundo, kisha akakiondoa kile cha juu. Mshipa ukabaki umelala, mtupu. Damu ilikuwa pale pale juu ya kifundo, hairudi chini.

"Inakataa," alinong'ona Dada.

"Ni vilango," nilisema. "Vinafunguka upande mmoja tu."

"Kama geti la kituo cha mabasi ya mwendokasi. Ukishapita, huwezi kurudi kuchukua mwavuli."

Akaondoa kidole cha chini, na mshipa ukajaa kutoka chini mara moja. Alirudia, tena na tena, mpaka Fundi akalalamika kwamba yeye si kitambaa cha sampuli. Uso wa Dada siku hiyo ulikuwa uso wa mtu aliyejibiwa.

Agosti ukafika mtihani wa majaribio, ambao kila mtu anauita moko. Mwalimu mwenyewe alitunga, mwenyewe akasahihisha. Nilimwona Dada akitoka chumbani anatembea kwa madaha, mtandio umeteleza mabegani, anasema, "Limekuja la damu, Ticha. Nimelimaliza."

Karatasi ziliporudi, swali lake la damu lilikuwa na mkwaju mmoja mwekundu kutoka kona hadi kona, na sifuri. Jumla yake ilikuwa imeanguka, vibaya kuliko mara zote. Mwalimu aliniita kwenye meza yake.

"Binti yangu, tazama mwenyewe. Swali ni eleza jinsi damu inavyozunguka mwilini. Mstari wake wa kwanza anasema damu inatengenezwa na ini kutokana na chakula na kuishia mwilini. Mtoto wa kidato cha pili hasemi hivyo. Hayo ndiyo makaratasi yako."

Nilichukua karatasi nikasoma. Mtihani ni wa Kiingereza na Kiingereza cha Dada kilikuwa cha kuungaunga, lakini nilimsikia sauti yake yote mle. Alikuwa ameanza na bei ya kwanza. Aliweka ini juu ya meza kwa bei kubwa ya watu wa kale, akaishusha, akaleta moyo na mapigo yake, akajipunguzia mwenyewe kama daktari alivyofanya, akashuka tena, na ukurasa wa pili, chini kabisa, akafunga biashara: damu inatoka upande wa kushoto wa moyo, inazunguka mwili, inarudi kulia, inakwenda mapafuni, inarudi kushoto. Vilango vyote vilikuwepo. Hakuna kilichopungua isipokuwa msomaji wa kufika huko.

Nilimpelekea karatasi dukani. Mdogo wake alikuwa ndani akipima uzi, na mkononi tayari alikuwa na pete ya uchumba. Dada aliitazama ile alama nyekundu kwa muda mrefu, akaikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikatosha kwenye kiboksi cha vifungo.

"Niambie ukweli, mdogo wangu," alisema. Nje ya darasa nilikuwa mdogo wake. "Nirudi kwenye notsi? Mtihani ni Novemba. Mimi sina mwaka mwingine wa kuchezea."

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia kwamba alichoandika ni kizuri kuliko notsi zote za mji huu. Lakini uzuri huo haungemfungulia mlango wa chuo, na mimi nisingekuwa wa kukaa nyuma ya zipu maisha yangu yote kama nimekosea. Nikamwambia kweli: "Sijui, Dada."

"Basi twende kwa anayejua," alisema, akafunua kiboksi, akaitoa karatasi.

Mwalimu alikuwa anakunywa uji kwenye meza yake. Mimi nilibaki ngazi mbili chini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mama. Pole na matokeo."

"Nimeshapoa. Mwalimu, ukija kwangu kununua zipu nikakutajia bei, unaondoka?"

Mwalimu akaweka kijiko. "Inategemea."

"Namaanisha hapo hapo, hujaniambia hata punguza?"

"Hapo hapo? Hapana. Mke wangu akisikia atanicheka mwezi mzima."

"Basi kwenye karatasi yangu uliondoka."

Nilishika ukuta. Mwalimu alimtazama, akaitazama karatasi iliyokunjwakunjwa, kisha akavaa miwani. Alisoma. Chini yetu kipaza sauti kimoja kilikohoa na kuanza kutangaza mashuka mawili kwa bei ya moja. Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa, akageuza, akasoma wa pili. Uji wake ulifanya utando juu.

"Hapa mwisho umefika," alisema.

"Nimefika."

"Na umefika vizuri. Hili la kujipunguzia… hili hata mimi sikufundishwa." Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Lakini nikwambie kitu, na usinikasirikie. Nimesahihisha mitihani mingi katika maisha yangu. Msahihishaji amekaa kwenye kiti kigumu, rundo kushoto, rundo kulia, chai imepoa. Yule si mteja wa Kariakoo, mama. Yule ni mtu wa supamaketi. Anasoma kibandiko. Asipokiona kibandiko anapita."

"Kwa hiyo nifute yote haya?" Dada aliuliza.

"Nani kasema ufute? Kibandiko kiweke mbele. Bei ya mwisho iwe mstari wa kwanza. Huo ubishi wako uweke ndani, kichwani, ndiyo utakaokukumbusha bei yenyewe ni ipi."

Dada alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Mwalimu naye akacheka kwa pua, kidogo, kama mtu asiyetaka kumwaga. Alama hakuibadilisha. Lakini tulipokuwa tunashuka aliniita, "Na wewe binti. Hayo makaratasi ya daktari wako, niachie seti moja."

Kuanzia hapo tulifundishana kwa maduka mawili. Nusu ya kwanza ya asubuhi tulikuwa kibandani na watu wa kale, tunabishana, tunashuka bei, tunapiga madawati. Nusu ya pili tulihamia supamaketi. Mtu anasimama, anaulizwa swali, na anatakiwa abandike jibu kwa Kiingereza, sentensi fupi, la mwisho kwanza. Fundi alikuwa na kipaji cha ajabu cha kubandika. Mama wa dagaa alisema ni kwa sababu amezoea kubandua. Dada alipata shida mwanzoni. Kila alipoanza kujibu, mdomo wake ulikwenda kwenye bei ya kwanza kama mguu unavyokwenda kwenye kandambili, na darasa zima lilipaza sauti: "Kibandiko!" Anasimama, anavuta pumzi, anaanza upya. Oktoba ilipoisha hatukuwa na haja ya kumpigia kelele tena.

Asubuhi moja ya wiki za mwisho nilimkuta Mwalimu amekaa dawati la nyuma kando ya Fundi, kikombe chake kimefunikwa kwa kisahani kama cha wengine. Niliposoma hoja ya siku hiyo alinyoosha mkono. "Hapo sikubali," alisema. "Ashuke kidogo." Sijawahi kuona darasa likimkaribisha mtu kwa furaha ile.

Mtihani ukapita. Harusi nayo ikapita, mdogo mtu akaenda Mbeya na mabegi yake, na Dada akawa anafungua kibanda mwenyewe, mapema, kabla ya mabasi. Binamu yake wa Buguruni alisema atakishika kibanda kama kutakuwa na sababu ya kukishika. Sababu hiyo sote tuliingoja bila kuitaja.

Matokeo yalitoka asubuhi moja ya Januari, jua likiwa limeshapanda. Nilikwenda dukani kwake nikisingizia vifungo vya koti. Joto lile, koti la nini, lakini hakuniuliza. Alikuwa amekaa juu ya bunda la mpira, simu mkononi, na ukurasa unazunguka haufunguki kwa sababu nchi nzima ilikuwa mlangoni pake. Tuliutazama pamoja ukizunguka. Kisha ukafunguka, akatelezesha kidole chini, chini, akasimama.

"Ticha."

"Naam, Dada."

"Ni C."

Alijifunika uso kwa mtandio. Nilikaa kando yake juu ya bunda. Mbele yetu watu walipita na mizigo vichwani na vipaza sauti vikatangaza mashuka yale yale. Mtandio ulikuwa unapanda na kushuka. Nilipomgusa bega niligundua anacheka.

Mteja akaja, mama mnene mwenye futi ya kushonea shingoni, akaokota zipu ndefu nyeusi.

"Hii ngapi?"

Dada akajifunua, macho yamelowa, akataja bei.

"Mh! Nipunguzie," alisema mama yule, akataja yake, nusu kama ilivyo desturi.

"Haya, chukua."

"Nichukue kwa ngapi?"

"Kwa hiyo uliyosema."

Mama yule hakutoa pesa. Aliifungua zipu, akaifunga, akaifungua tena. Akaiinua kwenye mwanga, akanusa kitambaa chake.

"Ina nini?"

"Haina kitu, mama. Mpya kabisa."

"Mbona umekubali?"

"Nimefurahi tu leo."

"Aa-aa," alisema mama, akairudisha zipu taratibu kama kitu kinachoweza kuuma, akaanza kuondoka.

Dada alinitazama. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasimama juu ya bunda la mpira, akaita kwa sauti ambayo ingeweza kushindana na kipaza sauti chochote cha mtaa ule:

"We mama! Rudi hapa! Bei hiyo utaniua, nina watoto! Ongeza kidogo!"

Mama akageuka. Uso wake wote ukalainika. Akarudi, akaweka kikapu chake chini katikati ya njia, akashika kiuno.

"Enhee," alisema. "Sasa niambie ya kweli."